Canter ya dizeli au tuktuk za umeme? Jibu kwa mwenye duka la jumla Kisumu

Swali: "Nina duka la jumla karibu na Soko la Kibuye, Kisumu. Canter yangu ya dizeli husambaza unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na soda kwa maduka madogo ya Manyatta, Kondele, Nyalenda na Nyamasaria. Dereva hutoka mara tatu au nne kwa siku kwa sababu wateja hupiga simu wakati wowote. Mafuta yamekula faida yote, na majirani wananilaumu kwa moshi. Kijana wangu anataka tuuze Canter tuchukue mkopo wa kununua tuktuk mbili za umeme. Je, nimsikilize, au hizi ni mbio za mtindo tu?"

Mama, usiuze Canter bado, wala usitie sahihi mkopo wa tuktuk mbili. Kijana wako hajakosea kuhusu umeme, na nitafika huko kwa hesabu kamili. Lakini barua yako ina sentensi moja iliyonishtua kuliko ile ya bei ya dizeli: kwamba dereva hutoka mara tatu au nne kwa siku kwa sababu wateja hupiga simu wakati wowote. Huko ndiko faida yako inakopotelea. Ukinunua magari ya umeme na kuyaendesha kwa mtindo huohuo, utakuwa umebadilisha mafuta tu, na hasara itabaki.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni zangu za kuelezea, zako utazipata mwenyewe. Canter inayobeba tani tatu ikijaa na kuzunguka kilomita 30 mjini, ikila lita moja kwa kila kilomita sita, itamaliza lita tano. Gawanya kwa tani tatu: kila tani imegharimu lita 1.7 hivi. Sasa gari hilohilo litoke na kilo 900 tu kwa njia ileile. Halitakula theluthi ya mafuta. Canter tupu yenyewe ina uzito wa zaidi ya tani mbili, na injini inauburura uzito huo kila inapong'oa nanga kutoka kwenye tuta, kwenye mzunguko, na mlangoni pa kila duka. Pengine itakula lita nne na nusu. Gawanya tena: lita tano kwa kila tani. Gari lilelile, mtaa uleule, dereva yuleyule, na gharama ya mafuta kwa tani imepanda karibu mara tatu. Moshi nao vivyo hivyo, maana kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya kaboni, iwe gari limejaa au limebeba katoni kumi za sabuni.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote nunua daftari. Mpe kijana wako kazi hiyo, kwa kuwa ndiye mwenye hamu ya mabadiliko. Kila safari aandike uzito uliopakiwa kwa kukadiria (beli ya unga ya paketi 12 za kilo mbili ni kilo 24, kwa hiyo si kazi ngumu), maduka yaliyofikiwa, kilomita kwenye dashibodi wakati wa kutoka na wa kurudi, lita zilizotiwa, na muda ambao gari lilisimama katika kila duka. Safu ya mwisho iwe ya kilichorudi na gari. Wenye biashara wengi hawaandiki safu hiyo kwa sababu wanajua jibu lake ni "hakuna", na ndiyo maana naisisitiza. Mwezi mmoja unatosha. Mwishoni utajua lita kwa tani na lita kwa duka, na kuanzia hapo kila anayekuja kukuuzia chombo utamjibu kwa tarakimu zako.

Najua kwa nini gari linatoka nusu tupu. Wateja wako wanaishi kwa uchumi wa kadogo. Mwenye kioski cha Nyalenda hana mtaji wa kuweka beli kumi za unga; anauza mbili, anapata pesa, anakupigia simu ulete mbili nyingine. Ukikataa, duka la jumla la jirani yako litampelekea. Ushindani huo ni wa kweli, na ushauri wowote usioutambua ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuuza unga. Ila tazama unachokiuza hasa. Unauza unga pamoja na haraka, na ile haraka unaitoa bure.

Ianze kuwa na bei. Weka siku za mitaa: tuseme Manyatta na Kondele Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Nyalenda na Nyamasaria Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Weka saa ya mwisho ya kupokea oda, tuseme saa kumi na moja jioni ya siku iliyotangulia. Anayeagiza kabla ya saa hiyo apunguziwe shilingi chache kwa kila beli au katoni, na bidhaa ifikishwe bila malipo. Anayetaka sasa hivi atapata sasa hivi, lakini kwa boda au mkokoteni, na nauli ni yake. Hujamkatalia mtu. Mara tatu kwa wiki inamfaa hata mwenye mtaji mdogo, kwani anahitaji akiba ya siku mbili au tatu tu. Wengine watanung'unika wiki ya kwanza. Wakishaona punguzo, wengi watapanga wenyewe, maana mwenye kioski anajua hesabu kuliko tunavyomdhania.

Jumapili iache. Kibuye siku hiyo hufurika kwa soko kubwa, na kuitoa Canter pale hadi Barabara ya Jomo Kenyatta ni kuchoma dizeli ukiwa umesimama. Saa za kutoka nazo ni muhimu. Gari lililopakiwa usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi litamaliza nusu ya maduka kabla msongamano wa Kondele haujaanza kukaza. Mtembelee mwenye duka mmoja mmoja uulize nani hufungua mapema. Wauza mkate na maziwa hufungua alfajiri, wauza vifaa vya simu hawafungui. Njia ya gari ifuate saa za kufungua, isifuate mazoea ya dereva.

Halafu kuna ule muda wa kusimama. Kwenye usambazaji wa mitaani gari hutumia muda mrefu likiwa limeegeshwa kuliko likiwa linatembea, na mara nyingi injini inanguruma vilevile. Dereva anasubiri mwenye duka ahesabu sarafu, aende kwa jirani kutafuta chenji, akumbuke alichoagiza. Oda ikilipwa kwa Lipa na M-Pesa jioni iliyotangulia, au angalau kabla tanboi, msaidizi wa dereva, hajashusha, kusimama kunageuka kuwa dakika chache. Pakia pia kwa mpangilio wa njia: duka la mwisho liingie kwanza, la kwanza likae mlangoni. Nimeona magari yakifunguliwa na kupangwa upya katikati ya barabara kwa sababu soda za duka la pili zilikuwa chini ya unga wa duka la tisa. Na agizo liwe moja: gari likisimama, injini izimwe.

Kuhusu moshi unaolalamikiwa na majirani, usiwapuuze. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta zaidi ni mama mboga aliyekaa mita mbili kutoka kwenye ekzosi, na mtoto anayesubiri kuvuka kwenda shule. Kenya ilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, sehemu 50 kwa milioni, mwaka 2015, na hilo lilisaidia. Lakini dizeli safi haiwezi kuiponya injini mbovu. Moshi mweusi maana yake mafuta yanatoka bila kuungua vizuri: filta ya hewa imeziba vumbi, nozo zinazonyunyizia dizeli kwenye injini zimechoka, au gari limepakiwa kupita kiasi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hiyo ni kazi kubwa zaidi ya fundi. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto mara nyingi ni maji yanayoingia mahali pasipofaa. Kama ni mweusi, na kwa umri wa magari mengi ya mtaani kwetu huenda ndivyo ulivyo, filta mpya, nozo zilizosafishwa na matairi yenye upepo sahihi vitapunguza moshi na mafuta kwa pamoja, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na mkopo wowote. Fanya hilo wiki hii.

Sasa umeme. Kijana wako ana hoja nzito kuliko anavyojua, kwa sababu ya mahali mnapoishi. Karibu sehemu tisa katika kumi za umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Sehemu kubwa ya mvuke huo inatoka Olkaria, kaunti ya Nakuru. Karibu zaidi nanyi, Nyakach, kuna mtambo wa maji wa Sondu-Miriu wa megawati 60, na chini yake Sang'oro wa megawati 21 unaotumia maji yaleyale yakishapita ule wa kwanza. Katika nchi zinazochoma makaa ya mawe, gari la umeme huhamisha sehemu ya moshi kutoka mjini hadi kwenye mtambo. Kwetu moshi mwingi unaondoka kabisa. Na mji wenyewe unasaidia: Kisumu ya chini, kuanzia bandarini hadi Nyalenda na Nyamasaria, ni tambarare ya kando ya ziwa. Betri inapenda tambarare. Ukianza kupeleka mizigo Kajulu au kupanda Riat, hesabu itabadilika, na kilomita alizoahidi muuzaji zitapungua mbele ya macho yako.

Tuipige hesabu hiyo. Tuktuk ya mizigo ya umeme iliyobeba kilo 400 au 450 hutumia takriban uniti tisa kwa kilomita 100. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku ambazo matumizi ni madogo, kabla ya tozo na kodi. Bei hiyo hailetwi na mita ya nyumbani. Lazima uombe mita yake Kenya Power. Tuseme kwa tahadhari kwamba uniti itakufikia kwa shilingi 25 baada ya kila kitu. Kilomita 50 kwa siku ni uniti tano kasoro; tuzihesabu tano kamili, yaani shilingi 125. Tuktuk ya petroli ya ukubwa huo ikienda kilomita 25 kwa lita itataka lita mbili. Tukichukulia bei ya shilingi 180 kwa lita, ni 360. Umeokoa 235 kwa siku, karibu 6,100 kwa siku 26 za kazi, bila kuhesabu oili na plagi usizonunua. Lakini tuktuk hiyo ikienda kilomita 20 tu kwa siku, unaokoa kama 2,400 kwa mwezi. Umeme hulipa kwa kilomita. Kikilala uani, chombo cha umeme ni ghali kuliko cha petroli, kwa sababu bei ya kukinunua iko juu na mkopo unadai kila mwezi.

Kwa nini basi sisemi uza Canter? Kwa sababu ya mikono na saa. Tani tatu zinazotoka kwa safari moja ya Canter ni safari saba za tuktuk. Ukizipa kila moja kilomita nane, jumla ni kilomita 56, uniti tano hivi za umeme. Mafuta ya Canter yalikuwa lita tano za dizeli. Kwa nishati peke yake, tuktuk imeshinda mbali sana. Lakini ni kupakia mara saba, kurudi Kibuye mara sita, na kushusha kati ya hapo. Dereva mmoja hataweza kwa siku, wawili watahangaika, na siku tuktuk moja ikilala kwa fundi, nusu ya wateja hawatapata unga. Kwa tuktuk moja, kilomita 56 zenye mzigo mzito pia zinakaribia mwisho wa betri nyingi za tuktuk, na ukilazimika kuchaji mchana unapoteza ile bei ya usiku.

Kuna na tope. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za ndani za Nyalenda kuelekea mto Auji huwa udongo mweusi unaonata, na tuktuk yenye magurudumu matatu madogo na nusu tani nyuma itazama hapo, iwe ya umeme au ya petroli. Muulize yeyote anayeendesha huko.

Ninachokushauri ni kuugawanya mzigo. Canter ifanye kazi inayoiweza, kubeba mzigo mwingi kwa mkupuo mmoja alfajiri. Chombo kidogo kifanye mita za mwisho. Kodi stoo ndogo yenye mlango wa chuma kwenye ukingo wa Nyalenda au Manyatta, mahali Canter inafika bila kuingia vichochoroni. Asubuhi ishushe pale mzigo wa mtaa mzima na kuondoka. Kutoka pale vyombo vidogo vitoe. Kampuni za vifurushi za Ulaya zinafanya hivi katika miji yake ya zamani yenye barabara nyembamba, zikitumia baiskeli za mizigo zenye mota. Mumbai, India, wabeba chakula wanaoitwa dabbawala wamekuwa wakikusanya, kupanga upya na kugawa vyakula vya mchana tangu mwaka 1890, kwa treni katika safari ndefu na kwa baiskeli au mkokoteni katika ile fupi. Ni maelfu ya watu, na karibu hawachomi petroli hata kidogo. Siri yao ni kwamba kila mzigo hupangwa kwa mtaa wake kabla ya kufika mtaani.

Na wewe una utajiri ambao miji hiyo inautafuta: mikokoteni na baiskeli. Mkokoteni wa Kibuye hautoi moshi wowote, unapita kati ya nyumba za Manyatta mahali ambapo tuktuk itageuka kwa shida, na kwa umbali wa nusu kilomita unashinda kila kitu kwa gharama. Naumia nikisikia viongozi wa miji wakiuita uchafu wa kuondolewa. Anayeusukuma anastahili njia, matairi mazuri, breki inayoshika, na malipo yanayolingana na uzito. Baiskeli ya mzigo nayo itabeba kreti za mkate na katoni chache bila jasho. Tumia hizo ndani ya mtaa, na tuktuk moja ya umeme kati ya stoo na maduka yaliyo mbali kidogo, na kwa zile oda za haraka zinazolipiwa nauli.

Tuktuk hiyo moja usiinunue kwanza. Ikodi. Tafuta mwenye tuktuk ya umeme, mlipe kwa siku kwa miezi miwili, mmoja wa jua na mmoja wa mvua ikiwezekana, na uingize tarakimu zake kwenye daftari lilelile. Ukiona inafikisha kilomita 40 au 50 kila siku zenye mzigo, hapo ununuzi una maana. Wakati huo uliza maswali haya, na majibu yawe kwa maandishi. Betri ni ya lithiamu au ya risasi na asidi? Ya risasi ni nafuu dukani, lakini ikitumiwa hadi chini kila siku huchoka baada ya mizunguko mia chache, wakati lithiamu ya aina ya fosfeti hudumu kwa maelfu. Dhamana ya betri ni ya miaka mingapi, na inahesabu betri kuwa imeharibika ikibaki na uwezo gani? Fundi na vipuri viko Kisumu, au chombo kitapakiwa kwenye lori kwenda Nairobi, kilomita 350 hivi? Swali hili la mwisho limewaangusha watu wengi wa magharibi mwa Kenya. Chombo cha umeme kinaharibika mara chache, ila kikiharibika fundi wa kawaida wa Kondele hana kifaa cha kukifungulia.

Ukishaipata, ichaji usiku, baada ya saa nne. Jioni kati ya saa moja na saa tatu nchi nzima inawasha taa na kupika, umeme wa magharibi unazidiwa, na ndipo mitambo ya mafuta inapowashwa kusaidia. Ukichaji saa hizo unachoma mafuta kwa mkono wa mwingine. Chaji kwenye kivuli chenye hewa, kwa chaja iliyokuja na chombo, mbali na katoni na mafuta ya kupikia. Joto la Kisumu na chaja za bei ya chini zisizo na jina ni mchanganyiko hatari. Na kwa kuwa umeme hukatika, boda wawili unaowaamini wawe kwenye simu yako. Dereva wa tuktuk awe na leseni ya daraja la A3, na bima iseme wazi kwamba chombo kinabeba mizigo ya biashara.

Ile safu ya kilichorudi na gari nairudia sasa. Canter inayoenda Nyamasaria kamili na kurudi tupu imelipia nusu ya njia bure. Kreti na chupa za soda zirudi siku ileile ya kupeleka, zisisubiri safari yao. Maboksi yaliyokunjwa yana mnunuzi. Yakusanye dukani kwa mteja na mtaa utakuwa safi pia. Ukipeleka mzigo hadi upande wa Ahero mara moja kwa wiki, rudi na mchele wa huko badala ya kusubiri dalali akuletee Kibuye kwa bei yake. Sukari ikinunuliwa Kibos, siku ya kuichukua ilingane na siku ya maduka ya upande huo.

Kuna hatua nyingine ngumu zaidi, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa mkiiweza: kushirikiana na maduka ya jumla mengine. Leo huenda Canter tatu za wauzaji watatu wa Kibuye zinaingia Manyatta asubuhi moja, kila moja ikiwa na theluthi ya mzigo. Mji wa Nijmegen huko Uholanzi ulianzisha mwaka 2008 stoo ya pamoja kando ya mji, na kutoka hapo bidhaa za maduka mengi zikawa zinapelekwa kwa gari moja safi. Vituo vingi vya namna hiyo Ulaya vilikufa ruzuku ya serikali ilipokwisha. Vinavyodumu ni vile vinavyompa mwenye duka kitu anachokitaka hata bila kufikiria mazingira: kuwekewa bidhaa, kupokelewa mzigo akiwa hayupo, kuondolewa maboksi. Kwenu kizuizi kikubwa kitakuwa siri ya biashara. Hutaki jirani ajue nani ananunua kwako na kwa bei gani, na una haki. Njia ni kumpa kazi hiyo mtu wa tatu, kwa mfano sacco ya wenye tuktuk au chama cha wasukuma mikokoteni, abebe mizigo iliyofungwa yenye namba tu, kila duka la jumla likikusanya pesa zake kwa simu. Anza na jirani mmoja mnayeaminiana na mtaa mmoja ulio mbali, ambao ninyi wote wawili mnapata hasara kuufikia.

Kaunti nayo ina sehemu yake, na wenye maduka ya jumla mna sauti mkisimama pamoja. Kisumu iliandaa mpango wa usafiri endelevu uliotoka mwaka 2020, unaotilia mkazo watembea kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma, na baadhi ya barabara za katikati ya mji zimepata njia za miguu za kabro. Mnachopaswa kudai ni mahali pa kushushia mizigo palipochorwa, na saa zake, kuanzia alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Pasipokuwepo, lori hupanda juu ya njia ya miguu, na mwenye kiti cha magurudumu au mtoto wa shule hushuka barabarani kulizunguka. Hilo linamuumiza mtu, na linamuumiza pia dereva wako anayepigwa faini.

Limebaki suala la watu wako. Kama dereva na tanboi wanalipwa kwa safari, mpango huu wote utawanyang'anya chakula, kwa kuwa safari nne zitakuwa moja au mbili, na watakuwa na kila sababu ya kuuharibu. Badilisha malipo kabla ya kubadilisha ratiba. Wape mshahara wa siku usiopungua wanachopata sasa, kisha ongeza kidogo kwa kila duka lililofikishiwa mzigo kamili, kwa wakati, bila kilichovunjika. Sehemu ya dizeli itakayookolewa kila mwezi, tuseme robo, igawanywe kati yao kwa tarakimu za daftari, wao wakiliona. Dereva ndiye anayejua kichochoro kipi kimefungwa leo na mwenye duka yupi hufungua saa kumi na mbili. Na tanboi, kama ni kijana mwenye nguvu na heshima, mfikirie kwanza utakapotafuta wa kuendesha ile tuktuk. Mlipie masomo ya leseni sasa, wakati mnakodi, ili miezi miwili ikiisha awe tayari.